Naomba ushauri: binti yangu anataka kuingia utawani

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Naandika kutoka Jinja.

Kifungua mimba wangu ana miaka 24, ni muuguzi. Anataka kujiunga na Masista Wadogo wa Mt. Fransisko, shirika aliloanzisha Mama Kevin kule Nkokonjeru mwaka 1923. Simzuii. Masista ndio walionifundisha kusoma, na moyoni nafurahi sana.

Shida ni kwamba mimi ni mjane, na yeye ndiye anayewalipia karo wadogo zake wawili. Tena ana mkopo wa benki aliouchukua kwa dhamana ya mshahara, umebaki miezi 14. Najua nadhiri ya ufukara maana yake mshahara unaingia kwenye mfuko wa jumuiya, si wake tena. Najua pia sheria ya Kanisa inataka asipokelewe mtu mwenye deni asiloweza kulilipa.

Nimeongea na paroko, akaniambia nisali na nisiwe na haraka. Shangazi zake wao wanasema anatukimbia, maneno yaliyomliza mtoto usiku kucha. Mahari hata siyawazi, jamani.

Walio na dada au binti mtawa, naomba mnisaidie: je, nimwombe amalize deni kwanza, au aanze sasa ile hatua ya kutembelewa na kufahamiana na masista huku akiendelea kulipa? Na akishaweka nadhiri, mkuu wa shirika huruhusu msaada wowote kwa mzazi mwenye shida?