MREJESHO: Semina ya mtandaoni ya walimu kushikana mikono

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza namna ya kuandaa semina ya Zoom kuhusu walimu wazoefu kuwashika mkono wenzao wapya, ili vikao vyetu vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) shuleni visiwe vya kusaini mahudhurio tu. Mlinishauri nihamishe muda kutoka saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Aliyesema hivyo, soda yako ipo! Walijiandikisha 61, wakaingia 38.

Bango nililohangaika nalo siku mbili halikuleta mtu. Kilichovuta watu ni sauti ya dakika moja ya WhatsApp: mwalimu wa hisabati akieleza alivyokaa nyuma ya darasa la mwenzake akitazama tu, bila kumkagua.

Kosa langu: kikao cha akaunti ya bure hukatika baada ya dakika 40. Kikakatika maswali yamenoga, na waliorudi kwa linki mpya hawakufika nusu.

Kwenye tathmini sikuuliza “mmefurahi?” Niliuliza: utakaa na nani, lini, somo gani? Wiki 3 baadaye nikawapigia. Jozi 9 zilikuwa zimeshakaa, 2 zimegombana. Hizo 2 ndizo zinazonikosesha usingizi sasa.