Mutoto alikufa gafla usiku, sasa niko na mimba ingine. Kipimo cha kisigino kinapatikana Bukavu?

mama_kadutu: Jambo bandugu. Niko na mimba ya miezi saba na usingizi umeniisha juu ya mawazo. Mutoto wetu wa pili alikuwa muzima kabisa, ananyonya vizuri, siku moja akaanza kutapika na homa kidogo, mangaribi akakataa titi, akalala usingizi muzito, asubui tukakuta amekufa. Ku hospitali walisema tu kifo cha gafla. Kwa bakwe wanasema mutoto alilogwa na upande wangu njo unajua. Mudogo wangu alizala Ubelgiji, ananiambia kule wanachoma kila mutoto kisigino siku za kwanza, damu wanatia ku karatasi, wanatafuta magonjwa ya kurizi na kuko moja inauwa mutoto hivi hivi. Hapa inafanyika? Na kama haiko, nifanye nini?

muuguzi_ibanda: Pole sana mama. Hapa hatuchomi kila mtoto. Ugonjwa anaosema mdogo wako nadhani ni MCAD. Mtu akikaa bila kula mwili unamaliza sukari, kisha unaanza kuchoma mafuta, sasa huyu mtoto hana kimeng'enya cha kuvunja mafuta hayo vizuri, sukari inashuka na anazimika. Akinyonya vizuri humjui, anaonekana mzima, anashikwa siku anatapika au anakataa titi. Sisemi ndiyo ilimuua wako, vifo vingi vya ghafla vya watoto wachanga havitoki huko, lakini kwa vile ulivyoeleza ningemwambia daktari wa watoto sasa hivi, kabla hujazaa, iandikwe kwenye faili.

baba_mapacha: Mama, mwambie mume wako hii asikie. Magonjwa ya aina hiyo mutoto anarizi kwa baba NA kwa mama, wote wawili wazima hawaumwi kitu, na kila mimba iko na nafasi 25% ya mutoto mugonjwa. Wasikuwekee weye peke yako, na uchawi hauna kazi hapa. Nasema na uchungu juu nimeona ndoa zinavunjika kwa maneno kama hayo.

yaya_liege: Hata Ufaransa MCAD iliingia kwa vipimo vya watoto wote mwisho wa 2020, kwa hiyo musijione muko nyuma peke yenu. Ile kadi ni karatasi tu, matone yanakauka masaa machache mbali na jua, inaingia mu bahasha inaenda. Mwombe daktari atafute MAPEMA labo ya inje yenye kupokea kadi na aandike barua, ujue bei mbele ya kuzaa, maana ukishazaa hutakuwa na nguvu za kukimbia na makaratasi.

muuguzi_ibanda: Sawa yaya, lakini asikae anangoja jibu! Wengine wanashikwa siku za kwanza kabisa, maziwa ya mama hayajatoka vizuri. Kwa hiyo mama, titi ndani ya saa ya kwanza, kisha mtoto mchanga asipitishe masaa 3 bila kunyonya, usiku pia, mwamshe. Maziwa yakichelewa usinyamaze, waambie hapo hapo materinite. Akikataa titi, akitapika, akilegea, usingoje kuche, nenda hospitali na ukifika sema neno hili: mupimeni sukari. Ikishuka anawekewa seramu ya glikozi. Panga tangu leo nani ana motari wa usiku, Kadutu unaijua. Na alale chali siku zote, hiyo ni kwa kila mtoto.

mama_kadutu: Mungu awabariki. Nimemusomea mume wangu yote, amenyamaza kisha akasema tutaenda wote kwa daktari. Swali moja tena, mukubwa wao ana miaka mine, haugui, naye apimwe?

muuguzi_ibanda: Ndiyo, naye. Kuna wenye nao wanaokaa miaka bila dalili mpaka siku ya malaria kali au kuhara. Kadi yake inaweza kwenda pamoja na ya mdogo wake.