Naomba ushauri: mama anaongea na marehemu baba kupitia mtu mwingine

Habari zenu wakuu. Baba alifariki mwaka jana. Tangu hapo mama amepata mtu anayedai roho za wafu humpanda na kusema kwa kinywa chake. Kila wiki yuko huko.

Nilimsindikiza mara moja. Taa ikapunguzwa, yule mtu akafumba macho, sauti ikawa nzito: "Namwona mwanamume, jina linaanza na M... au N?" Mama akadakia, "Kaka yake huyo!" Punde "baba" akaanza kumsalimia kaka yake. Ila alipomwita mama kwa jina lao la utani, nywele zilinisimama, sikatai. (Baadaye nikakumbuka mama alilitaja pale mlangoni akiwa analia.)

Nikamsimulia habari za kina dada Fox wa Marekani, waliodai mwaka 1848 kwamba roho zinawajibu kwa kugonga. Mwaka 1888 mmoja wao, Margaret, alikiri hadharani kuwa sauti hizo za kugonga zilitoka kwenye viungo vya vidole vya miguu, ingawa baadaye alikana kukiri kwake. Mama akaniuliza tu, "Kwa hiyo baba yako hayupo popote?" Nikakosa jibu, maana hata mimi naamini yupo mahali.

Hela anazotoa si hoja. Ninachoogopa ni kwamba haamui jambo bila "kumuuliza baba", na juzi ameambiwa aache dawa za presha. Waliopitia haya, mlianzia wapi bila kumvunja moyo mzazi?