Sauti za hipnosisi za kwenye simu: ni salama au tunachezea akili?

Mleta mada: Wakuu, shemeji yangu hapati usingizi. Kapakua sauti ya hipnosisi, ile ya kukutuliza kwa maneno mpaka akili izame, mtu anahesabu kumi kurudi moja, "kope zako zinakuwa nzito". Dada kaificha simu, anasema siku moja mumewe atalala moja kwa moja. Mimi naona ni woga tu. Nyie mnasemaje?

Mchangiaji 1: La kutoamka lifute, mkuu. Hajazimia yule, akili imezama mahali pamoja tu, kama unavyosikiliza mpira redioni unaitwa mara tatu husikii. Sauti ikikatika atafumbua macho, au atasinzia kama siku zote. Ila asije akaisikiliza akiwa anaendesha bodaboda!

Mchangiaji 2: Msirahisishe mambo. Uingereza wana sheria ya maonyesho ya hipnosisi tangu 1952, mpaka kibali, na mwenye chini ya miaka 18 hafanyiwi jukwaani. Wangehangaika hivyo kwa kitu kisicho na madhara?

Mchangiaji 3: Hiyo ni ya maonyesho, matibabu haiyagusi. Mwaka 1955, miaka mitatu tu baadaye, chama cha madaktari hukohuko Uingereza kilisema hipnosisi inafaa kupunguza maumivu, hata ya uzazi. Mimi kinachonitisha ni kumbukumbu. Mtu akiwa kwenye hali ile, akiulizwa jambo asilolikumbuka vizuri, huziba mapengo kwa kubuni bila kujua, na baadaye anaapa kwamba aliliona. Ndiyo maana 1982 Mahakama ya Juu ya California ilikataa ushahidi wa shahidi aliyefanyiwa hipnosisi ili akumbuke tukio. Sasa mpe kazi hiyo mtu asiyesomea, amuulize binti wa watu "nani alikuumiza ulipokuwa mdogo?" Mjomba asiye na kosa anaweza kuishia polisi.

Mleta mada: Lakini shemeji haulizwi na mtu, yuko peke yake na simu.

Mchangiaji 4: Mimi ni muuguzi. Aliyewahi kuugua akili, mathalani anasikia watu wasiokuwepo, asijaribu bila daktari wake. Kwa shemeji nina swali jingine. Anakoroma? Anashtuka usiku kama aliyekabwa? Asubuhi kichwa kinamuuma? Kama ndiyo, huenda pumzi inakatika akiwa usingizini, na hilo halitibiwi kwa kuhesabu kumi kurudi moja.

Mleta mada: Anakoroma mpaka mabati yanatikisika. Jumatatu nampeleka hospitali. Simu dada bado hajaitoa.