Ufundi 13,000 kwa gauni la bitana: mafundi wa Mbeya tunajimaliza wenyewe

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, huu ni mwaka wa tisa niko kwenye fremu. Nimefunga saa mbili, nimekaa na daftari langu la hesabu, na hasira niliyo nayo siwezi kulala nayo. Naiweka hapa.

Mwezi wa pili ilikuja kamati ya kwaya moja, akina mama watatu na katibu wao. Sare za Pasaka: magauni 32, kitenge chao, bitana mpaka kiunoni, zipu ya nyuma, mikono ya marinda. Nikawapigia hesabu palepale, ufundi 30,000 kila gauni. Wakasema tuko wengi, tupunguzie. Nikashuka hadi 28,000. Mama mwenyekiti akanitazama akasema, "Mwanangu, kitenge tumeleta sisi. Wewe unaweka nini hapo zaidi ya uzi?" Wakaaga. Wakaenda kwa kijana mmoja mtaa wa pili, akawakubalia 13,000, na advansi akapewa siku hiyohiyo.

Mama, kwa heshima yako yote, naweka hivi.

Zipu 1,000. Bitana yadi moja na nusu kwa 3,000 yadi, hiyo ni 4,500. Kitambaa cha gundi cha shingoni 1,000. Uzi 500, maana marinda yanakula uzi. Ovaloki, ile ya kufunga kingo za ndani zisichomoke nyuzi, 1,000, kwa sababu sina mashine yake, napeleka kwa jirani na ananihesabia kwa gauni. Hapo tayari ni 8,000 na hakuna mtu aliyekaa kwenye cherehani. Binti anayenishonea namlipa kwa gauni, la namna hiyo ni 7,000, na anastahili, kwa sababu hamalizi zaidi ya mawili kwa siku kama anashona kwa usafi. Tumefika 15,000. Yule kijana ameshapitwa na hatujagusa pango!

Fremu yangu ni 120,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. LUKU, mlinzi, taka, leseni na kodi ninazozitenga kidogo kidogo, sindano, mafuta ya mashine na fundi wa kuirekebisha, vyote vinakuja kama 80,000. Jumla 200,000 kila mwezi, nishone nisishone. Nikipiga wastani wa mwaka mzima natoa nguo 50 kwa mwezi, kwa hiyo kila nguo inabeba 4,000.

Hapa kwenye wastani ndipo wengi tunapoteleza. Mbeya hela inafuata mavuno. Mpunga wa Usangu na Kyela ukiuzwa, kahawa ya Rungwe na Mbozi ikilipwa, wateja wanapanga foleni, na baridi ya Juni na Julai inaleta makoti na suti. Lakini mwezi wa pili watu wametoka kulipa ada, hela iko shambani, naweza kushona nguo 20 tu. Mwezi huo 200,000 ileile ukiigawa kwa 20, kila nguo inabeba 10,000. Fundi anayepanga bei kwa kutazama mwezi mzuri peke yake, mwezi mbaya unamkuta anauza cherehani. Nimeona vyerehani vikiuzwa hapa Mwanjelwa mwezi wa tatu kwa bei ya kutupa, na wenyewe walikuwa mafundi hodari.

Halafu nipo mimi mwenyewe. Kwa miaka mingi sikujilipa. Nilikuwa nachukua kinachobaki kwenye droo, nikidhani ndiyo faida. Nilipoanza kuandika kila kitu niliona miezi ambayo binti alipata zaidi yangu kwenye biashara yangu. Sasa najilipa 300,000, sawa na 6,000 kwa nguo. Kuna mwenzangu alinibishia kwamba kukata na kupima gauni moja hakufiki saa mbili, 6,000 ya nini. Dada, na kwenda kutafuta zipu inayolingana na kitenge? Na kumsubiri mteja aliyesema anakuja kufiti saa nne akaja saa kumi? Na kufumua pale alipoongezeka mwili? Saa hizo nani anazilipa?

15,000, jumlisha 4,000, jumlisha 6,000, ni 25,000. HIYO NI GHARAMA. Bado hakuna faida. Hakuna hata shilingi ya kufidia gauni litakaloungua na pasi. Ile 30,000 yangu ina 5,000 ya faida. Na msije mkasema ni asilimia 20, mimi mwenyewe nilikosea hapo kwa muda mrefu. 5,000 ni asilimia 20 ya gharama, lakini kwa bei ninayouzia haifiki hata 17. Ukitaka asilimia 20 ya bei unagawa 25,000 kwa 0.8, unapata 31,250. Tofauti ya 1,250 kwa nguo 50 ni 62,500 kwa mwezi, nusu ya pango langu.

Kuhusu "tuko wengi, tupunguzie", nawaelewa, na nilipunguza. Nguo nyingi za kitenge kimoja nalaza vitambaa kwa tabaka na kukata kadhaa kwa pamoja, bitana nanunua kwa wingi, safari ya dukani ni moja. Hapo kuna 2,000 ya kuwarudishia. Lakini kwaya ina watu 32 wenye miili 32. Vipimo ni 32, kufiti ni 32, zipu ni 32. Binti hashoni gauni la ishirini kwa nusu ya muda wa gauni la kwanza.

Na wale wa "gauni la mtumba nanunua 5,000, wewe 30,000 ya nini?" Gauni la mtumba lilishalipiwa ufundi huko lilikotoka, na aliyelivaa kwanza. Anayekuuzia amenunua belo, hajalipa mshonaji. Msitulinganishe.

Sasa kilichotokea. Alhamisi Kuu, saa tano asubuhi, akina mama walewale mlangoni kwangu na mfuko wa magauni 11. Bitana ilikuwa kifuani tu, vipande vya kuunga. Ndani hakuna ovaloki, kitenge kinachomoka nyuzi. Zipu mbili zimeachia kabla ya kuvaliwa. Niwarekebishie, walipe 3,000 kila moja, Jumapili wanaimba. Nikasema 8,000, kwa sababu kufumua kazi ya mtu mwingine ni kazi zaidi ya kushona upya. Tukavutana mpaka 5,000, nikakubali kwa sababu ni Pasaka na mmoja wao alikuwa analia. Nilikesha na binti. Magauni manane tuliyaokoa. Matatu kijana alikuwa amekata hadi ukingoni, hakuacha hata nusu inchi ya kupanulia, yakabaki hivyo. Leo nasikia ninatangazwa kwamba nina roho mbaya, nilitaka kuwakomoa wana wa Mungu.

Na yule kijana alikuja kwangu wiki iliyofuata. Nilijiandaa kumfokea. Alikuwa anadaiwa pango la miezi minne na marejesho ya mkopo wa kila wiki, aliitaka ile advansi ili asitolewe vyombo nje. Nikamuuliza 13,000 aliipataje. Akasema, "Dada, fundi wa jirani anashona kwa 15,000, nikaona nishuke kidogo." Hakuandika chochote. Vifaa vya 8,000 kwa bei ya 13,000 vinambakizia 5,000, magauni mawili kwa siku ni 10,000, humo atoe pango, umeme, rejesho na chakula. Ilibidi aipunguze bitana, hakuwa na pengine pa kukata. Na huyo jirani wa 15,000 fremu ni ya shangazi yake, halipi pango! Kijana amekopi bei ya mtu asiye na mzigo kama wake.

Hiki ndicho kinaniuma kuliko maneno ya kwaya. Toka Kabwe mpaka Uyole mafundi tunapanga bei kwa kuchungulia mlango wa jirani, na jirani naye anachungulia kwetu. Mteja akitupambanisha, anayeshuka ni yule mwenye madeni zaidi, kisha bei yake ndiyo inakuwa bei ya mtaa.

Kwa hiyo naomba, mafundi wa Mbeya, Iringa, Njombe, Tunduma, kokote mlipo: anayeshona gauni la bitana chini ya 20,000 aweke hesabu yake hapa, zipu kwa zipu, pango na ujira wake mwenyewe vikiwemo. Kama nimekosea mahali nionesheni, daftari liko mezani na nipo macho.