Mmarekani hufundisha Kiingereza China huku akijifunza wushu. Mzanzibari apite njia gani?

Mpemba wa Wete

Assalamu alaykum wanabaraza. Natafuta maelezo ya watu wanaoijua China, hasa mambo ya vibali. Vijana wengi wa Kimarekani huenda kule wakafundisha Kiingereza mchana, na alfajiri au jioni wakawa kwa mwalimu wa wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina, wengine huita kungfu. Baada ya mwaka au miaka miwili hurudi na lugha na sanaa, na muda wote huo wamejilipia maisha yao wenyewe. Mimi niko Wete, nina shahada ya ualimu wa Kiingereza na nasomesha skuli ya sekondari. Je, kazi hiyo hiyo na mimi naweza kuipata? Ikiwa haiwezekani, mlango upi uko wazi? Halafu mwili niutayarishe vipi nikiwa hapa Pemba, maana nasikia wanaokwenda bila ya matayarisho huumia magoti wiki za mwanzo tu. Na sisi Waislamu, habari ya kuinama mbele ya mwalimu na habari ya chakula zikoje? Naomba majibu yenye hatua.

Karani wa Vuga

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nianze na lililo gumu. Kibali cha kufundisha lugha China kinaangalia lugha uliyozaliwa nayo. Kanuni zilizoanza kutumika nchi nzima Aprili 2017 zinataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake mwenyewe, awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka 2. Mwenye shahada ya ualimu au cheti kinachotambulika cha kufundisha lugha anaweza kusamehewa hiyo miaka 2, lakini sharti la lugha linabaki pale pale. Kwa Kiingereza, idara za kule huhesabu pasipoti za Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Ya Tanzania haimo, hata kama Kiingereza chako kimenyooka kuliko cha huyo Mmarekani.

Kwa hivyo wakala akikwambia "njoo kwa viza ya matembezi, kibali tutakitengeneza huku huku", mkimbie. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huongezewa kifungo cha siku 5 hadi 15. Baada ya hapo anaweza kurejeshwa kwao, na safari nyingine ya China inakuwa ngumu. Wala usidhani kubadilishana somo kwa somo, yaani wewe umfundishe mtoto wa mwalimu Kiingereza naye akufundishe wushu, kunakuvua na lawama. Malipo si lazima yawe noti mkononi.

Na hata njia ya Mmarekani imebana. Mpango wa Peace Corps, ule wa serikali ya Marekani wa watu wa kujitolea, uliokuwa ukipeleka walimu wa Kiingereza kwenye vyuo vya Sichuan, Guizhou, Gansu na Chongqing tangu 1993, ulifungwa 2020. Julai 2021 serikali ya China ikapiga marufuku biashara ya masomo ya ziada kwa watoto wa skuli, na vituo vingi vilivyokuwa vikiajiri wageni vikafungwa. Kilichobaki zaidi ni vyuo vikuu na skuli zenye leseni ya kuajiri mgeni.

Sasa isome upya kanuni ile ile: lugha uliyozaliwa nayo. Wewe ni Kiswahili, na Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Beijing Foreign Studies University husomesha Kiswahili kwa miaka mingi, na Redio China Kimataifa ilianza matangazo ya Kiswahili 1961. Nafasi ni chache na zinagombaniwa, na shahada ya uzamili inakuweka mbele ya wengine. Lakini huo ni mlango ambao Mmarekani hawezi kuusimamia. Anayetaka kukaa China kwa halali na kulipwa kwa ulimi wake aelekee huko.

Kwa sasa, njia yako ya karibu ni uanafunzi. Omba nafasi ya mwaka mmoja wa lugha ya Kichina, au shahada ya wushu kwenye chuo cha michezo kama Beijing Sport University au Shanghai University of Sport. Masomo huanza Septemba, na maombi ya ufadhili wa serikali ya China kwa kawaida hupokelewa miezi ya mwanzo ya mwaka. Ukikubaliwa unatumiwa barua ya chuo pamoja na fomu ya JW201 ukiwa na ufadhili wa serikali yao, au JW202 ukijilipia. Kwa karatasi hizo na fomu ya uchunguzi wa afya unaomba viza ya X1, ambayo ni ya masomo yanayozidi siku 180. Ukishaingia unazo siku 30 za kuigeuza kuwa kibali cha ukaazi. Ukilala nje ya hoteli, uandikishwe polisi ndani ya saa 24. Bweni la chuo huwa wanakufanyia, lakini ulizia, usikae ukidhani.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kulipa skuli binafsi ya kungfu kabla ya kuuliza swali moja: "Mnatoa JW202?" Skuli isiyoweza kutoa fomu hiyo haiwezi kukupatia X1, na utajikuta unahangaika na viza fupi fupi.

Mkufunzi wa Amani

Karani amemaliza ya karatasi, mimi nije kwenye miguu. Usianze na mateke ya kuruka. Wushu ya changquan, ambayo ndiyo hufundishwa wengi vyuoni, imesimama juu ya mikao 5. Ukifika na mikao hiyo imekaa sawa, mwalimu anakuvusha haraka. Ukifika nayo imekosewa, atatumia miezi kuibomoa.

Mabu, mkao wa mpanda farasi: pima urefu wa nyayo zako 3 kati ya miguu. Vidole vya miguu vitazame mbele, viwe sambamba. Shuka mpaka mapaja yakaribie kulala sawa na ardhi, magoti yafuate upande wa vidole na yasivipite, mgongo wima. Anza juu kidogo, sekunde 30 mara 4, kisha ongeza sekunde 10 kila wiki mpaka ufike dakika 2. Kinachoharibika hapa ni vitu viwili. Vidole vikigeuka nje na magoti yakaangukia ndani, maumivu huja upande wa ndani wa goti, na hayo ndiyo uliyoyasikia. Makalio yakisukumwa nyuma, mzigo unahamia kiunoni. Ukiona umbo linavunjika, simama. Dakika moja iliyo sawa ina faida kuliko tatu za kupinda.

Gongbu, mkao wa upinde: nyayo 4 hadi 5 kutoka mguu wa mbele hadi wa nyuma. Goti la mbele limekunjwa, paja karibu lilale. Mguu wa nyuma umenyooka, kisigino kimeshika ardhi na vidole vimegeuzwa mbele kwa pembe ya kama nyuzi 45. Wanaoanza huiweka miguu yote miwili juu ya mstari mmoja, wakisukumwa ubavuni wanaanguka. Acha upana wa ngumi moja au mbili kati ya mistari ya visigino. Kosa la pili ni kisigino cha nyuma kuinuka, na chanzo chake ni ukavu wa kifundo na nyonga, si uvivu.

Pubu ndiyo inayowatesa watu wazima: mguu mmoja umechuchumaa kabisa, wa pili umenyoshwa ubavuni chini chini, na nyayo zote mbili zimelala. Usiishushe kwa nguvu. Shika nguzo au mnazi, shuka polepole, kaa sekunde 15, badilisha. Xubu, uzito wote mguu wa nyuma na ncha tu ya mguu wa mbele ikigusa, na xiebu, miguu imepishana na umekalia kisigino cha nyuma, zitakuja zenyewe hizo tatu zikikaa.

Mateke: anza na lile la mguu ulionyooka kwenda juu. Teke 20 kila mguu, ukitembea mstari. Kisigino cha mguu unaosimamia kisiinuke, mgongo usiuinamie mguu. Bora teke la kifuani lililonyooka kuliko la usoni lililokunja goti. Usirushe kabla ya kupasha mwili dakika 10 hadi 15, msuli wa nyuma ya paja huchanika kwa baridi ya mwili hata kama jua ni kali. Kunyoosha kwa kukaa na msamba kuje mwisho, na mtu asikukandamize mabegani. Mkandamizo huo umewaharibia nyonga wengi.

Pahali pa kufanyia: mchanga mkavu unazungusha kifundo, saruji inapiga mifupa ya miguu unapotua. Pwani yako ikiwa na mchanga mgumu, subiri maji yakipwa, mchanga uliobaki na umajimaji ni mzuri sana kwa mikao. Kwa kuruka tafuta majani. Siku 4 kwa wiki, baada ya Alfajiri mpaka saa moja hivi, zinatosha. Misuli ya miguu inahitaji siku za kupumzika ndiyo iongezeke nguvu.

Ummu Salma

Mwanangu, kuhusu kuinama. Salamu ya wushu hufanywa wima: kiganja cha kushoto kimefunguka, vidole 4 vimenyooka na gumba limekunjwa, ngumi ya kulia inakutana nacho mbele ya kifua, macho kwa mtu unayemsalimia. Hakuna rukuu ndani yake. Kinachohusu kupiga magoti ni sherehe ya kuwekwa mwanafunzi wa ndani wa mwalimu, ambapo wengine hupiga magoti, hutoa chai, pengine mbele ya picha za waliotangulia. Hiyo hailazimiki kwa mtu wa kozi, na ukieleza mapema kwa heshima kwamba dini yako hairuhusu kumsujudia kiumbe, mwalimu mwenye adabu anaelewa. Eleza kabla ya siku yenyewe, usimkatalie hadharani akaona umemvunjia uso. Hekalu la Shaolin, lililoasisiwa 495 kwenye mlima Song huko Dengfeng, ni nyumba ya ibada ya Kibuda. Skuli zilizolizunguka ni skuli, zina bweni na ratiba, na unaweza kusoma huko bila kuingia ibadani.

Tena usidhani sanaa hii ni ya Wabuda peke yao. Wahui, Waislamu wa China, wana historia ndefu ndani yake. Mtindo wa chaquan umekuzwa sana na Wahui wa Shandong. Wang Ziping, aliyezaliwa 1881 Cangzhou katika mkoa wa Hebei na kufariki 1973, alikuwa Mhui na mmoja wa mabingwa wakubwa wa zama zake. Ukipata nafasi ya kuchagua mji, fikiria pahala penye Wahui: utapata msikiti, chakula, na pengine mwalimu anayefunga Ramadhani kama wewe.

Chakula tafuta maandishi ya qingzhen, yaani halali, mlangoni. Maduka ya tambi za kuvuta za Lanzhou yako karibu kila mji na mengi yanaendeshwa na Waislamu. Hatari haiko kwenye nyama inayoonekana. Sahani ya mboga tupu inaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na mchuzi ukatiwa pombe ya kupikia. Vyuo vingi vikubwa vina mkahawa wa Waislamu, uliza hilo kabla ya kuthibitisha chuo. Na nguo za baridi usizidharau: Henan, mkoa lilipo hekalu la Shaolin, usiku wa Januari hushuka chini ya nyuzi 0, na mazoezi ya alfajiri hayafutwi.

Mpemba wa Wete

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Limebaki moja. Kwa vile hapa sina mwalimu, nijifunze mfuatano wowote kwa video? Na fimbo nianze nayo?

Mkufunzi wa Amani

Mfuatano mmoja tu: wubuquan, unaounganisha mikao hiyo 5, mfupi na unafundishwa kwa wanaoanza. Tafuta video iliyopigwa kwa nyuma, mwalimu akikupa mgongo. Ukimfuata anayekutazama utageuza kulia na kushoto, na kuisahihisha baadaye ni kazi kuliko kuanza upya. Jirikodi kwa simu, uiweke chini usawa wa kiuno, moja kwa mbele na moja kwa ubavuni, kisha pima magoti na kisigino cha nyuma kwa macho yako mwenyewe.

Kama unataka na Kichina cha kuzungumza, usipuuze Wachina walio karibu. Timu za madaktari kutoka mkoa wa Jiangsu zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964, na Mkoani wapo hospitali ya Abdulla Mzee. Wachina wengi wa makamo wanaijua taiji, sanaa ya miondoko ya polepole, ile ya miondoko 24 iliyopangwa 1956. Ukiomba kwa adabu, wewe ukamsaidia Kiswahili cha sokoni naye akakurekebisha mkono na lafudhi, hapo uko kwenu na hakuna kibali cha kazi kinachokugusa.

Fimbo isubiri miezi 3. Ukifika wakati huo, urefu wake ufike kwenye nyusi zako ukiisimamisha, shina lishikike vizuri mkononi, kama sentimita 3, na ncha iwe nyembamba zaidi. Mti wanaotumia China ni mwepesi na hupinda bila kuvunjika. Boriti ya mkoko usiitumie, ni nzito na hailegei, itakuumiza viwiko. Mwanzi nao ukipasuka hutoa vipande vikali, kwa hivyo kama ndio uliopo, ufunge utepe urefu wote na uukague kila siku kabla ya kuuzungusha.