Linta juu ya madirisha tu: inatosha kwa matetemeko ya Mbeya?

Mjenzi_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nyumba ni ya vyumba vitatu, tofali za kuchoma, msingi umeisha na ukuta unaanza. Fundi anasema linta (mkanda wa zege na nondo) ipite juu ya milango na madirisha tu, nguzo za zege hazina haja, maana mitetemo ya huku ni midogo, ni Ngozi na Rungwe zinapumua. Ni kweli? Kama si kweli, nondo chache zilizopo ziwekwe wapi kwanza?

Ufa_wa_Rukwa
Mkuu, volkano hizo zina mitetemo yake, ila hatari kubwa haitoki humo. Mbeya imekaa pale mabonde matatu ya ufa yanapokutana: Rukwa linalotoka kaskazini-magharibi, Nyasa la kusini-mashariki na Usangu la kaskazini-mashariki. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na sehemu nyingine ya bara kwa milimita chache kwa mwaka. Gamba la dunia linalovutwa hivyo hukatika, upande mmoja ukazama. Ule ukuta wa milima ya Livingstone juu ya Ziwa Nyasa ni mpasuko wa namna hiyo, na wa Lupa upo kando ya bonde la Rukwa.

Mwendo ukiwa mdogo, mpasuko hukaa vizazi kadhaa kimya, ndipo watu wanaposema haupo. Desemba 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa barani. Desemba 2005 Ziwa Tanganyika, 6.8. Desemba 2009 ikawa Karonga, Malawi, ng'ambo tu ya mto Songwe, na haikuwa mara moja: ulikuwa mfululizo uliokwenda wiki kadhaa, kuta zilizopata nyufa zikimaliziwa na mitikisiko iliyofuata.

Afrika Kaskazini kisa ni kingine. Kule bara linaibana Ulaya, gamba linasukumwa badala ya kuvutwa: El Asnam 1980 na Boumerdès 2003 kule Algeria, Al Haouz 2023 kule Morocco. Lakini usitishwe wala usifarijiwe na namba peke yake. Agadir, Morocco, 1960, tetemeko halikufika 6, na watu kama 12,000 walikufa, kwa sababu lilianzia karibu na uso wa ardhi, chini kabisa ya mji wenye kuta dhaifu. Machaze, Msumbiji, 2006, lilikuwa 7.0 na waliokufa ni wachache mno. Watu wa huko wanaishi kwa kutawanyika. Kinachoua ni ukuta.

Nondo_Kumi_na_Mbili
Hapo kwenye ukuta ndipo fundi amekosea. Linta ya vipande husaidia dirisha lisibebe uzito, basi. Ardhi ikitikisika, kila ukuta hucheza kivyake, kona zinafunguka, ukuta unaangukia nje na kenchi zinafuata. Linta izunguke nyumba nzima bila kukatika, ipite hata kwenye kuta za ndani. Nondo 4 za mm 12, ringi (vyuma vinavyozifunga nondo hizo pamoja) za mm 8 kila sm 20.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni la kona: nondo za kuta mbili zinaishia pale pale zinapokutana. Zikunjwe zizunguke kona na ziingie ukuta wa pili angalau sm 60. Hata maungio ya katikati yapishane sm 60, na yasipangwe yote sehemu moja. Ncha za ringi zikunjwe kuelekea ndani ya zege. Zikiachwa wima hufunguka.

Fedha ikibaki, weka nguzo kwenye kona na kuta zinapokutana. Zege 1:2:3 (saruji, mchanga, kokoto), na kila mfuko wa saruji wa kilo 50 usipewe maji zaidi ya lita 25 hadi 27. Mafundi hupenda zege la uji kwa kuwa linamwagika kirahisi, kumbe maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu. Limwagilie siku 7. Tofali nazo ziloweshwe kabla ya kujengea, la sivyo zinanyonya maji ya udongo wa saruji na haushiki.

Juu ya linta, ile pembetatu ya tofali inayofuata mwinuko wa paa huanguka mapema kuliko vyote. Tumia mbao na bati.

Bonde_la_Kyela
Niongeze suala la ardhi, ndugu zangu. Nyumba ile ile itatikisika zaidi kwenye mchanga na tope la Kyela au Usangu kuliko juu ya mwamba, na mchanga uliojaa maji unaweza kulegea kama uji chini ya msingi. Rungwe tatizo ni miteremko. Usiweke nusu ya nyumba kwenye udongo uliokatwa na nusu kwenye kifusi, na ukikata mlima, nyumba ikae mbali na ukingo angalau sawa na kimo cha mkato.

Mjenzi_Uyole
Asanteni sana wakuu. Nguzo zimwagwe kwanza ndipo ukuta, au vipi?

Nondo_Kumi_na_Mbili
Ukuta kwanza, mkuu. Simamisha nondo za nguzo kutoka kwenye msingi, jenga tofali ukiacha meno (tofali moja nje, moja ndani) kila upande wa nguzo, kisha mwaga zege liingie kwenye meno hayo. Nguzo ikimwagwa kwanza, ukuta unaigusa tu, haushikani nayo. Usipandishe ukuta zaidi ya mita 1.2 kwa siku.